Baiskeli Isiyo na Keria

Nilipokuwa msichana Busia, baiskeli ilithaminiwa kwa uimara wa keria yake. Black Mamba ya baba ilibeba gunia la mahindi, madumu ya maji, na siku mbaya ilimpeleka mgonjwa zahanati. Vijana waliovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda walifunga mto wa sponji juu ya keria, na wanawake walikaa upande, mkono mmoja umeshika kiti cha dereva. Huko nyuma ndiko ilikokuwa nafasi yetu.

Kuendesha nilijifunza kwa wizi, mzee akilala mchana. Kiti sikukifikia, kwa hiyo nilipenyeza mguu chini ya bomba la juu la fremu nikakanyaga pedali nimejipinda kama kaa. Jirani aliyeniona alimuuliza mama kama ameshindwa kunilea.

Kisha zikaja pikipiki. Serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, mwishoni mwa miaka ya 2000, wale vijana wa mpakani waliziacha baiskeli mmoja mmoja. Ya baba ikaingia ghalani, ikawa kitu cha kuanikia magunia.

Sasa binti yangu, mzaliwa wa Nairobi, amejiunga na timu ya vijana ya baiskeli za milimani. Aliponiomba ruhusa alikuja na hoja zake tayari: Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa papa hapa Nairobi, na ujanani aliendesha baiskeli ya milimani huko Kikuyu na David Kinjah. Nikamwambia sijali Froome alianzia wapi, mimi nataka kujua mazoezi ni wapi. Karura, akasema.

Karura! Kwa kizazi chetu jina hilo lilikuwa na uzito mwingine. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale walipokwenda kupanda miti ili msitu usigawiwe wajenzi. Na kabla haujazungushiwa uzio, mtu mwenye akili zake hakuingia humo peke yake. Leo watoto wanakwenda na chupa za maji na ndizi.

Baiskeli tulinunua ya mtumba. Helmeti nilikataa ya mtumba, maana povu la ndani likishagandamizwa na ajali moja halikingi tena, na kwa macho huwezi kulijua lililoumia. Fundi alibadilisha raba za breki, akatia mnyororo mafuta, akajaza tairi upepo hadi zikawa ngumu kama baba anavyopenda. Jioni ujumbe wa kocha ukaingia: punguzeni upepo, mtoto mwepesi asizidi psi 30.

Nilimpigia baba simu tucheke pamoja. Hakucheka. Kwake tairi inayobonyea ni rimu iliyopinda na mahindi yaliyomwagika barabarani. Nikamweleza kwamba njia ya msituni ni mizizi na mawe, na tairi laini huyakumbatia mahali ambapo ngumu ingerukaruka na kuteleza. Ila ukizidisha kuitoa upepo, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa.

"Na keria?"

"Haina, baba."

"Sasa inabeba nini?"

"Inambeba yeye."

Akaguna, kisha akataka kujua kama nimemfungia tyubu ya akiba na pampu. Nilikuwa nimefunga.

Binti mwenyewe amenuna. Alidhani Jumamosi wataanza na miteremko, lakini kocha amesema siku ya kwanza hawatoki kwenye nyasi: kusimama juu ya pedali zilizo sawa, viwiko vimekunjwa, kidole kimoja kwenye kila breki, macho yatazame unakotaka kwenda badala ya jiwe unaloliogopa. Mimi naona ni programu nzuri sana. Nimemuuliza kocha kama wazazi wanaruhusiwa kuja na baiskeli zao. Bado hajajibu, ila fundi nimekwisha kumwambia aniangalizie moja ya bei nafuu.