Ng'ombe Akigeuka Ni Yuleyule

Haya wadau, nimerudi. Samahanini kwa ukimya, sikupotea. Nilikuwa nyumbani Mara nauguza kidonda, na kidonda chenyewe ni sapu. Tena si sapu ya takwimu, ni ya saikolojia ya elimu, somo lenyewe linalofundisha jinsi watu wanavyojifunza! Mwalimu mtarajiwa kafeli kujifunza. Chekeni tu, nimeshazoea.

Na sikuwa mvivu. Wenzangu wa chumbani ni mashahidi, nilipiga msuli mpaka saa tisa usiku, desa zima nikalipaka rangi ya njano mwanzo mwisho. Kwenye UE maswali nikayajua kwa sura, majibu yakagoma kuja.

Basi nikashuka Tarime, nikalala kwa baba siku mbili, halafu nikavuka Mto Mara kwenda kumwona bibi upande wa Serengeti, nje kidogo ya Mugumu. Jioni ileile akaniambia, "Mjukuu wangu, si unasomea ualimu? Nifundishe kusoma." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ndipo akanisimulia. Shangazi alimtumia laki moja kwenye simu. Bibi akampa kijana mmoja amsomee meseji, kijana akasema elfu sitini, akaenda naye kwa wakala, akamtolea zote na kumkabidhi sitini. Shangazi alipopiga kuuliza ndiyo ikajulikana. "Elfu arobaini haikuniuma sana," bibi akasema. "Kilichoniuma ni kwamba alinisomea huku ananitazama usoni."

Mwaka 1970, ule Mwalimu Nyerere alioutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, bibi alikuwa ameshaolewa, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Darasa likampita. Sasa hivi akisema anataka kusoma wanamwambia kichwa kimeshakauka. Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni niliwaza hivyohivyo.

Lakini desa langu linasema vingine. Kila tunapojifunza, viunganishi kati ya seli za ubongo vinaimarika, vingine vipya vinajengwa, na kazi hiyo haikomi utotoni. Mwaka 2009 watafiti walitoa matokeo ya wapiganaji wa zamani wa msituni huko Colombia waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima. Picha za ubongo wao zilionyesha tofauti na za wenzao ambao hawakuwa wamejifunza. Yaani kusoma kumeacha alama ndani ya kichwa cha mtu mzima kabisa! Nilishakariri hilo, ila kuliamini ilikuwa bado.

Tukaanza. Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. "Baba" anasoma "dada", "dada" anasoma "baba". Mara ya kumi nikakunja uso. Bibi akafunga daftari taratibu, akatoka nje. Nikajiona mjinga.

Nilimfuata zizini wakati ng'ombe wanarudi. Wako mbali, wengine wameelekeza vichwa huku, wengine kule, yeye anawataja mmoja mmoja bila kukosea. Hapo nikakumbuka kitu cha darasani. Tangu utotoni ubongo unajizoeza kwamba kitu kikigeuka ni kilekile. Ng'ombe akitazama kulia au kushoto ni yuleyule. Lakini b ukiigeuza inakuwa d! Anayejifunza kusoma lazima ubongo wake uvunje sheria iliyomsaidia maisha yote. Kumbe kosa la bibi halikuwa ukavu wa kichwa, ilikuwa ni ujuzi wake wa zizini.

Nikamwambia, "Bibi, hawa si ng'ombe. Ukiwageuza wanabadilika majina." Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake tukakubaliana: akikaa mahali pake, b tumbo linatazama mlangoni, d linatazama jikoni.

Kingine nilichobadilisha ni ufundishaji wangu. Mwanzoni nilikuwa namrudisha ukurasa uleule mara nane. Akawa anauimba wote, ila ukimwonyesha neno moja pekee halijui. Mnaona? Desa langu la njano lilelile! Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walilipima hili mwaka 2006. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama waliwaacha mbali.

Basi tukawa tunasoma kidogo asubuhi, kidogo jioni. Daftari linafungwa, bibi anaandika kwa kijiti chini maneno ya jana, halafu ya juzi. Akikosea tunasahihisha palepale, kisha analala, maana usingizini ubongo unaendelea kupanga ilichokipata. Mimi nako kwenye sapu yangu nikafanya vivyo hivyo, desa nimelikalia.

Ila kuna onyo. Mwaka 2004 Wajerumani walifundisha watu kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu. Sehemu fulani za ubongo zikaongezeka. Walipoacha mazoezi, ongezeko likapungua. Kwa hiyo tangu nirudi chuoni namtumia bibi meseji moja kila siku, na ni marufuku mtu kumsomea.

Sapu nimeshaifanya, matokeo bado. Lakini juzi usiku simu ikaita, bibi huyo, hata salamu hakuna: "U-me-po-ke-a. Shangazi yako, elfu hamsini. Nimesoma mwenyewe, uji umeungua." Jina la shangazi alilikosea kidogo, d ikawa b. Hela hakuikosea.

Wadau, niambieni ukweli, hilo desa lako unalifunika na kujiuliza, au unalipaka rangi tu kama mimi? Ngoja nilale sasa, ila kwanza nimtumie bibi meseji ya leo. Nimemwekea neno "dhahabu", tuone.