Mafunzo Yaliyobaki Ukumbini

Kwa watumishi wa afya walioanza kazi Tanzania miaka ya 1990, mfumo wa taarifa ulikuwa rafu ya vitabu. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulikuja na vitabu vyenye namba, na hadi leo wauguzi huvitaja kwa namba hizo: cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto. Ninavyoyakumbuka mafunzo ya zama hizo, somo lilikuwa ujazaji. Safu hii inaandikwa nini, umri unaandikwaje, alama za tali zinajumlishwa vipi, ripoti inatakiwa wilayani lini. Wakufunzi walikuwa watu makini na walichofundisha kilikuwa sahihi. Lakini somo zima lilielekea upande mmoja: taarifa inapanda. Inatoka zahanati, inapita wilayani na mkoani, inaishia wizarani. Muuguzi aliyeiandika alifundishwa kuijumlisha na kuituma. Kuisoma na kuamua jambo kwa kuitegemea ilihesabiwa kazi ya wakubwa.

Naanzia huko kwa sababu teknolojia imebadilika mara kadhaa tangu wakati ule, ila namna ya kufundisha imebadilika kidogo sana. Watu wachache huitwa kutoka vituoni, hukaa ukumbini siku kadhaa, hutazama projekta, husaini mahudhurio, hulipwa posho, kisha hurudi wakitarajiwa kuwafundisha wenzao waliobaki na wagonjwa. Kwa nilivyoyafuatilia mabadiliko haya, nimefikia kuamini kwamba mafunzo ya mifumo ya taarifa humfaa mgonjwa yanapofanyika mahali pa kazi, na yanapomfundisha mhudumu kuitumia taarifa yeye mwenyewe kabla ya kumfundisha kuipeleka kwingine. Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa taaluma ya afya. Hakuna mkunga aliyepewa cheti kwa kuangalia picha za uzazi ukutani. Alisimama chumba cha kujifungulia, mkunga mzoefu akiwa pembeni yake, hadi mikono ikazoea. Taaluma iliyojua hivyo kwa miaka mingi iliisahau hekima yake siku kompyuta ilipoletwa.

Kompyuta haikuanzia kituoni. Ilianzia wilayani, na hapo ndipo DHIS2 ilipokita. Programu hii ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya ilikuzwa na mtandao wa HISP unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania ikaifuata katika miaka iliyofuatia. Faida yake ni kubwa: ripoti iliyokuwa ikichukua miezi kufika sasa huonekana mara tu inapoingizwa, na mtu mwenye nywila anaweza kuchora grafu ya wilaya yake akiwa popote. Ila waliofundishwa kwanza walikuwa watu wa takwimu na waratibu wa wilaya. Zahanati iliendelea kujaza vitabu na kupeleka karatasi. Kwa hiyo pengo la zamani lilipata sura mpya: aliyejua kuisoma takwimu hakumwona mgonjwa, na aliyemwona mgonjwa hakuiona takwimu.

Kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa, tulikuwa na ushahidi mapema. Mradi wa TEHIP, uliofanya kazi Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia katikati ya miaka ya 1990, uliziwezesha timu za afya za wilaya kuona kwa michoro rahisi ni maradhi gani yaliyokuwa yakiua zaidi na fedha zao zilikuwa zikienda wapi. Timu zilipoona malaria inabeba sehemu kubwa ya vifo huku ikipata sehemu ndogo ya bajeti, zilibadilisha mgao. Vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika kipindi cha takriban miaka mitano. Si haki kuupa mchoro sifa yote; palikuwa na fedha za nyongeza, matibabu bora ya watoto na usimamizi wa karibu. Hata hivyo, timu zile zilifundishwa kuamua zikiwa na takwimu za kwao mezani kwao, na fedha zikafuata uamuzi huo.

Ushahidi mwingine unatoka Mosoriot, kituo cha afya cha vijijini karibu na Eldoret, Kenya, na nadhani haujasomwa kwa uangalifu unaostahili. Februari 2001, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ulianzisha hapo mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa kompyuta, mmoja wa mifumo ya mwanzo kabisa ya aina hiyo katika kituo cha kijijini kusini mwa Sahara. Mhudumu alijaza fomu moja ya karatasi badala ya kurudia maelezo yale yale katika vitabu kadhaa, kisha taarifa zikaingizwa kwenye kompyuta. Katika miezi 6 ziliingizwa kumbukumbu 10,000 za mahudhurio ya wagonjwa 6,190. Watafiti walipima muda kabla na baada. Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22, na muda wa kusubiri ulionekana kupungua. Hayo ndiyo hunukuliwa kwa furaha. Lakini vipimo vile vile vilionyesha kwamba muda wa mgonjwa pamoja na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58, na kwamba watumishi walizungumza wao kwa wao kidogo kuliko zamani na kutumia muda mwingi zaidi kwa shughuli zao binafsi. Simlaumu mtu, watumishi wale walikuwa wakibeba mzigo wa kuandika uliozidi nguvu za mtu. Ninachokiona ni kwamba mfumo uliokoa muda, na muda huo haukuwa umepangiwa kazi. Mtu akifundishwa kujaza fomu, atajaza fomu vizuri na haraka. Kwamba dakika zilizookolewa zimrudie mama aliyekuja na mtoto mwenye homa ni somo jingine, na halifundishiki kwa projekta, kwa sababu linahusu foleni ya kituo hicho, vyumba vyake na idadi ya watu waliopo zamu.

Mwaka 2009 ulileta mfano wa upande wa pili. Katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, Tanzania, mradi wa SMS for Life uliviomba vituo 129 kutuma kila wiki, kwa ujumbe mfupi wa simu, hesabu ya dawa za malaria zilizobaki stoo. Simu zilikuwa za watumishi wenyewe, na aliyejibu alipata muda wa maongezi. Waliojibu walikuwa kiasi cha asilimia 95, na vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 wiki ya kwanza hadi 26 wiki ya 21. Somo lilikuwa fupi. Lililolibeba ni kwamba hesabu iliyotumwa iliweza kuleta dawa, na mtumishi akayaona matokeo rafuni mwake. Mfano huu unaondoa pia dhana kwamba watumishi wa vijijini, hasa wenye umri mkubwa, hawapendi teknolojia. Wanachokataa, nionavyo mimi, ni kuandika mambo yasiyorudi kwao.

Leo anayetakiwa kukaa mbele ya skrini ni tabibu, muuguzi, mfamasia na mteknolojia wa maabara. Hospitali nyingi za umma Tanzania zinatumia GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha hospitali, au mifumo inayofanana nao, na mara nyingi mfumo uliingilia mlango wa malipo, kwa kuwa ukusanyaji wa mapato ndio uliokuwa na haraka. Kuna athari katika kuanzia hapo. Mfumo uliofundishwa kwanza kwa mhasibu huonekana kuwa wa kihasibu, na daktari huandika kiasi tu cha kumwezesha mgonjwa kupita dirisha la dawa. Historia ya ugonjwa huachwa tupu. Orodha ya maradhi ikifunguka, huchaguliwa lililo juu. Nywila moja hutumiwa na zamu nzima kwa sababu mtumishi mpya hajafunguliwa akaunti yake, na hapo majibu ya VVU ya mtu yanaweza kufunguliwa na yeyote aliyekaa kitini, ingawa tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Makosa haya hayaonekani ukumbini, ambako kila mshiriki ana kompyuta yake, umeme haukatiki na mgonjwa wa mfano hana haraka.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba tatizo hili ni la muda. Vijana wanaotoka vyuoni wamekua na simu mkononi na hawatahitaji kufundishwa. Kujua kugusa skrini na kujua kumtibu mtu kwa kupitia skrini ni mambo mawili. Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilianza kutumia mfumo wa kuandika maagizo ya tiba kwa kompyuta mwaka 2002, na madaktari wake hawakuwa wageni wa kompyuta. Utafiti uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba vifo vya watoto waliohamishiwa hapo kwa matibabu maalumu vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57 baada ya mabadiliko hayo. Hospitali ya watoto ya Seattle ilipoanzisha mfumo wa aina hiyo, ikiwa imeandaa mapema seti za maagizo zinazofuata kazi halisi ya chumba cha wagonjwa mahututi, haikuona ongezeko la namna hiyo. Wataalamu wamebishana sana kuhusu takwimu za Pittsburgh na wana haki. Lakini tofauti ya hospitali hizi mbili inaelekeza kwenye utaratibu wa kazi: nani anaagiza kabla mgonjwa hajafika, nani yuko kitandani wakati mwenzake anaandika. Ujana wa mtumishi haulitatui hilo.

Pingamizi la pili ni la gharama. Vituo ni maelfu, na kumpeleka mkufunzi katika kila kimoja kunaonekana kuwa anasa mbele ya semina moja ya watu 40. Hesabu hiyo huacha vitu nje. Haihesabu wagonjwa waliokosa huduma kwa sababu tabibu pekee wa zahanati yuko semina, wala haihesabu semina ya marudio mwaka unaofuata kwa kuwa ya kwanza haikushika. Mradi wa BID wa taarifa za chanjo, ulioendeshwa na shirika la PATH pamoja na wizara ukianzia mkoa wa Arusha, ulichagua kuwafundisha wauguzi wa chanjo vituoni mwao, kwa ziara zinazorudiwa, watumishi wa wilaya wakiwa walezi wao. Rejesta ya kielektroniki iliweza kumpa muuguzi orodha ya watoto waliopitiwa na tarehe, kazi iliyokuwa ikihitaji kupekua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Wilaya tayari zina ziara za usimamizi shirikishi, zenye gari, mafuta na ratiba. Saa mbili za ziara hiyo zikitolewa kwa kukaa na muuguzi mbele ya mfumo, akiwa na wagonjwa wake wa siku hiyo, gharama mpya ni ndogo. Nakiri kwamba posho ya semina ni sehemu ya kipato ambayo mishahara midogo imeifanya itegemewe, na anayetaka kuihamisha lazima aseme ukweli huo waziwazi na kutafuta namna ya kumlipa mlezi wa kituoni kwa kazi yake.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linasema kwamba lawama zote ni za mifumo, mafunzo yanasingiziwa. Kituo kimoja kinaweza kuwa na mfumo wa malipo, hifadhidata ya kliniki ya VVU, mfumo wa dawa, wa chanjo, na bado vitabu vya MTUHA vikasubiri. Muuguzi anayeandika jina moja mara nne hahitaji somo, anahitaji kupunguziwa. Nakubali bila masharti, na naongeza umeme na mtandao. Hakuna mafunzo yatakayotibu kuandika mara mbili mbili. Ila ni nani atakayemweleza mtengenezaji wa mfumo kwamba fomu yake inarudia mambo, kama mkufunzi hakuwahi kukaa wodini akaona? Mkufunzi anayeketi kituoni hujifunza pia, na anachokiona kinapaswa kuwa na njia rasmi ya kuwafikia wanaoandika programu. Kwa sasa mara nyingi ripoti ya mafunzo huorodhesha waliohudhuria na alama za mtihani wa kabla na baada, basi.

Kuhusu watumishi kuhamishwa, malalamiko ni ya kweli: kituo humfundisha mtu, na miezi michache baadaye anapangiwa wilaya nyingine. Ndiyo maana somo likabidhiwe kituo, kwa kila zamu kuwa na mlezi wa mfumo anayempokea mgeni siku ya kwanza, anamfungulia akaunti yake, na anamwonyesha fomu za karatasi zinakaa wapi umeme ukikatika na nani ataziingiza ukirudi. Na somo la awali lianze vyuo vya afya, katika mazoezi ya vitendo yale yale ambamo mwanafunzi hujifunza kupima shinikizo la damu na kuandika faili la mgonjwa, mwalimu wake akisahihisha alichoandika kwenye mfumo kwa ukali ule ule anaosahihishia dozi.