Makala Iliyobatilishwa Hubaki Rafuni

Nilianza ukutubi katika chuo kimoja cha udaktari hapa pwani mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati fedha za kigeni zilikuwa adimu. Majarida ya tiba yalikuja kwa meli, miezi kadhaa baada ya kuchapwa, na mengine yalikoma kabisa kwa kuwa ada haikulipwa. Toleo la The Lancet likifika, madaktari walipata habari kabla sijamaliza kuligonga mhuri. Walilisoma kwa zamu na kunakili vipimo vya dawa kwa mkono, maana mashine ya fotokopi ilikuwa moja na wino wake wa kubahatisha.

Katika uhaba ule hakuna aliyeuliza kama kilichoandikwa ni kweli. Swali lilikuwa, "Mnalo?" Profesa mmoja wa magonjwa ya watoto, Mungu amrehemu, alikuwa akimaliza ubishi wodini kwa kutaja jarida, mwaka na ukurasa, na wanafunzi wakanyamaza. Namkumbuka kwa heshima, kwa sababu alisoma kweli. Lakini hata yeye hakuwa na njia ya kujua kama makala aliyoitaja ilikuwa imekanushwa huko ilikotoka.

Si kwamba udanganyifu haukuwapo. Tangu miaka ya themanini, Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliorodhesha makala zilizobatilishwa, na tungeweza kuzitafuta katika Index Medicus, yale majuzuu mazito ya faharasa. Tatizo ni kwamba tangazo la kubatilisha lilitoka katika toleo jingine, pengine miaka mingi baadaye, na huenda toleo hilo ndilo ambalo hatukulilipia. Makala yenyewe ilibaki rafuni, imejalidiwa vizuri, haina hata alama ya penseli.

Mwaka 2002 mambo yaligeuka. WHO na wachapishaji wakubwa walianzisha HINARI, na nchi maskini, Tanzania ikiwemo, zikaanza kusoma bure majarida yapatayo 1,500 kupitia intaneti. Sitasahau furaha ya siku zile. Intaneti ilikuwa ya kusuasua, ukurasa mmoja ulichukua muda wa kunywa chai, ila vijana walikesha maktaba. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wetu alisoma kile alichosoma mwenzake wa London, wiki ileile.

Ndipo likaja suala la Wakefield, daktari wa Uingereza. Makala yake ilitoka The Lancet tarehe 28 Februari 1998, juzuu la 351, ukurasa wa 637. Ilihusu watoto 12, na ilidokeza kwamba huenda chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kupitia mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo hiyo, na waandishi wenzake 10 wakajitoa katika tafsiri ile. Jarida lenyewe liliibatilisha makala tarehe 2 Februari 2010, na miezi michache baadaye Wakefield akafutwa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Ni karibu miaka 12. Kwa muda wote huo wazazi waliogopa chanjo, na surua ikarudi katika nchi zilizokuwa zimeisahau. Sisi ambao hatukuwahi kuisahau, tuliowaona watoto wakipofuka kwa surua, tuliumia kuona chanjo ile ikikataliwa kwa makala ya namna hiyo.

Nakala yetu ilikuwa rafuni. Nililishusha juzuu, nikaliweka mezani, likajifungua lenyewe penye ukurasa ule: mgongo wake ulishavunjika kwa kulazwa mara nyingi juu ya kioo cha fotokopi. Nilichapa karatasi ndogo, nikaipaka gundi na kuibandika juu ya kichwa cha makala: IMEBATILISHWA NA JARIDA, FEBRUARI 2010. Mkuu wangu wa wakati huo hakupendezwa. Alisema mali ya maktaba haibandikwi vitu. Nikamjibu, "Mzee, mwanafunzi atakayefungua hapa kesho hatakuja kwanza kutuuliza." Alisimama, akasoma, akaondoka, na karatasi ikabaki.

Miaka iliyofuata kero ilibadilika sura. Kulikuwa tayari na majarida ya heshima ambayo hayamtozi msomaji ila mwandishi, na mengi huwasamehe ada watafiti wa nchi maskini. Matapeli waliiga mtindo huo, wakachukua ada na kuacha kazi ya kuwapa wataalamu makala waisome. Wahadhiri wetu walipokea barua pepe za kuwasifu kupita kiasi, zikimwita "Profesa Mashuhuri" kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi. Mmoja alinijia na risiti mkononi. Alitaka kupanda kutoka mhadhiri msaidizi, na ili apande ilibidi achapishe. Makala yake, kazi nzuri ya malaria kwa wajawazito, ilikubaliwa ndani ya wiki bila swali hata moja. Wenzake walipomtahadharisha aliomba kuiondoa. "Mama," akaniambia, "wananidai tena ndiyo waitoe." Jarida la kweli lisingeipokea, kwa kuwa lile la kitapeli lilishaitangaza. Jasho la kijana na damu waliyotoa kina mama wale kwa ajili ya utafiti vilipotea hivyo. Hata leo siwezi kulizungumzia hilo kwa utulivu.

Mkutubi mwenzetu wa Marekani, Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, alikuwa akitunza orodha ya wachapishaji wa aina hiyo, mpaka alipoiondoa mwaka 2017. Ilitusaidia, ingawa wako waliokuja kudhani kila jarida dogo la nchi maskini ni la kitapeli, jambo ambalo si kweli. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha jaribio la John Bohannon, aliyetuma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304. Majarida 157 yaliipokea. Alitumia majina ya watu na taasisi za Afrika alizozibuni, mojawapo ikidaiwa kuwa Asmara, kwa matumaini kwamba mhariri asipoziona kwenye intaneti hatashangaa. Jaribio lilikuwa na faida kubwa. Hata hivyo lilinichoma, kwa kuwa lilionyesha jinsi ilivyo rahisi kuamini kwamba taasisi ya Kiafrika haiwezi kuthibitishwa.

Mei 2020, wakati wa korona, daktari mmoja anayesomea ubingwa alinijia akitoka zamu ya usiku. Alikuwa amefungua kwenye simu makala ya The Lancet ya tarehe 22, iliyosema klorokwini na haidroksiklorokwini zinaongeza vifo vya wagonjwa wa korona. Klorokwini tunaijua sote, ilituwasha ngozi miaka mingi. Makala ilidai kutumia rekodi za wagonjwa 96,032 wa hospitali 671 katika mabara sita, zote kutoka kampuni iitwayo Surgisphere. "Mama, hebu nisaidie," akasema. "Hospitali gani za Afrika hizi?" Yeye usiku kucha alikuwa akitafuta faili za karatasi masijala.

Tayari tarehe 25 WHO ilikuwa imesimamisha kwa muda majaribio yake ya haidroksiklorokwini. Lakini wanasayansi zaidi ya 100 waliandika barua ya wazi wakihoji data zile. Kuhusu Afrika walisema: kwa hesabu za makala, karibu robo ya wagonjwa wa bara zima na asilimia 40 ya vifo vilitokea katika hospitali zenye rekodi za kielektroniki za kina, jambo lisiloelekea kuwa kweli. Kampuni ilikataa kuwapa wakaguzi huru data zote, na tarehe 4 Juni makala ikabatilishwa. Siku 13. Nalitazama jambo hili kama badiliko kubwa kuliko yote niliyoyashuhudia. Sidhani kama wahariri wa leo ni waaminifu kuliko wa zamani, maana makala ile ilipita mikononi mwao na mwa wapitiaji wao bila wao kuona kile ambacho nesi wa zamu wa huku angekiona. Wasomaji ndio waliobadilika: sasa wanauliza, na wanaweza kusikika.

Linalonihangaisha sasa ni simu. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani, na alama ya kubatilishwa huwekwa kwenye ukurasa wa mchapishaji. Wanafunzi wetu wanasomea nakala walizotumiana kwenye WhatsApp kabla ya alama hiyo, na nakala hizo hazibadiliki. Ziko programu za kupanga marejeo zinazotoa tahadhari zenyewe, na kila muhula nawafundisha wapya kuzitumia. Sasa nimeiandikia kamati ya taaluma nikiomba fomu ya kuwasilisha tasnifu iongezwe mstari mmoja: mwanafunzi na msimamizi wake wasaini kwamba kila rejeo limekaguliwa kama limebatilishwa, na tarehe ya ukaguzi iandikwe. Wajumbe wawili wanasema ni kuwaongezea wanafunzi kazi. Nitakwenda kwenye kikao na lile juzuu la 351.