Fumbo Limo Katika Mpangilio

Katika kazi hii ya kujalidi vitabu na kutengeneza albamu kwa mkono, oda inayonichosha akili kuliko zote ni albamu ya fumbo: picha za ukoo, za harusi au za safari, zipangwe mithili ya jalada la mpelelezi. Wanaoiagiza huja na orodha ya mapambo. Wanataka kioo cha kukuzia, alama za vidole, karatasi nyeusi, maandishi ya taipureta na mhuri mwekundu wa SIRI. Mapambo siyakatai, maana mengine yanapendeza kweli. Hata hivyo, kazi yenyewe imenifikisha kwenye msimamo ninaoushikilia hata mbele ya mteja aliyekwisha kulipa: fumbo la albamu limo katika mpangilio. Kipi kionekane mwanzo, kipi kicheleweshwe, na je, anayefunua kurasa amepewa kila anachohitaji ili afumbue mwenyewe? Albamu isiyojibu maswali hayo ni albamu ya kawaida tu iliyovishwa koti la mpelelezi.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1936 kampuni ya Hutchinson ya London ilichapisha Murder Off Miami, mkasa uliotungwa na Dennis Wheatley kwa wazo la J. G. Links, mtu ambaye kazi yake ilikuwa biashara ya manyoya. Hakikuwa kitabu cha sura na aya kama riwaya nyingine. Kilikuwa jalada la polisi: simu za maandishi, ripoti, barua, picha za washukiwa, na pia vitu halisi vilivyobandikwa ndani, kama vile unywele, kijiti cha kiberiti na kipande cha pazia chenye doa la damu. Majibu yalifungwa mwishoni, na msomaji alitakiwa aamue kwanza ndipo afungue. Ukikitazama kwa jicho la fundi, unaona kwamba hapana pambo hapo. Kila kilichobandikwa kina kazi. Kijiti kile cha kiberiti kimewekwa kipimwe, si kunogesha ukurasa. Kipimo hichohicho ndicho ninachokitumia mezani kwangu: nikikibandua kitu hiki, je, fumbo litapungua? Kama halipungui, hicho ni pambo, nacho kingoje zamu yake ikiwa nafasi itabaki.

Wapenzi wa riwaya zetu hawana haja ya kwenda London kuipata kanuni hii. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale uliotoka mwaka 1960, alimleta Bwana Msa, mpelelezi anayekataa kuutwisha mzimu mauaji na badala yake anatazama, anauliza na kuunganisha. Riwaya ya aina hiyo inanoga kwa sababu dalili zimepita mbele ya macho yetu na hatukuzitilia maanani. Picha ina uwezo huohuo, na pengine unazidi, kwa kuwa tunaiamini upesi. Chukua picha za harusi moja. Kwenye kila picha ya kundi kuna ndugu mmoja asiyeonekana, na mtazamaji atadhani hakuhudhuria, au amegombana na watu. Kurasa kadhaa mbele kuna picha ya alasiri ambamo kivuli cha mtu aliyeinua viwiko kimelala chini, mbele ya miguu ya bibi harusi. Ndiye huyo, alikuwa ameshika kamera. Fumbo hilo halikuhitaji mhuri wala kioo cha kukuzia. Lilihitaji picha ya kivuli, ambayo wengi wangeitupa kwa kuiona imeharibika, itengwe na picha za kundi kwa kurasa za kutosha. Mgongo wa picha nao husema. Mhuri wa studio, mathalani Capital Art Studio ambayo Ranchhod Oza aliifungua Unguja mwaka 1930, unaweza kuutaja mji ambao sura za watu hazikuutaja. Ndiyo maana picha kama hiyo siibandiki kwa gundi. Naiingiza kwenye pembe za karatasi ili iweze kutolewa na kugeuzwa.

Mpangilio wa namna hii una madai yake kwa fundi. Mifuko, bahasha na kurasa za kukunjua hunenepesha upande wa nje wa kitabu, na usipoweka vipande vya karatasi mgongoni kufidia unene huo, jalada litabaki limepanua mdomo. Nyuzi za kadibodi sharti ziende sambamba na mgongo, la sivyo gundi ikikauka jalada linapinda. Halafu kuna mtindo wa kuchovya karatasi kwenye chai ya rangi ili ionekane kuukuu. Rangi yake inavutia, lakini chai ina asidi, na asidi ni adui wa picha. Karatasi za chai nazitumia kwa barua za kubuni na ramani tu, tena nikiziweka mbali na picha halisi. Kurasa zinazobeba picha ziwe za karatasi isiyo na asidi. Na albamu zile za plastiki zenye gundi tayari, zilizojaa makabatini mwa watu, sizigusi kabisa. Picha zikishang'ang'ania humo, kuzitoa ni balaa.

Wapo wanaonipinga, na pingamizi lao moja ni zito. Wanasema albamu ni kumbukumbu, kwa hiyo kumficha mtu ndani yake ni kuwanyima wajukuu haki ya kumjua. Nakubali hatari ipo, ila tiba yake imo katika jalada lile la 1936: bahasha ya majibu mwishoni. Humo huwekwa orodha ya kila picha, majina kamili, mahali, na mwaka ukijulikana. Bahasha naishonea kwenye mgongo pamoja na kurasa ili isipotee, na majina hayohayo yanaandikwa nyuma ya kila picha kwa penseli laini. Kwa mpango huo albamu ya fumbo huishia na taarifa nyingi kuliko albamu za kawaida, ambazo wenyewe huacha kuziandika wakidhani hawatasahau. Wengine wanahofu kuwa mchezo huu utafukua mambo ambayo familia imeyafunika. Hapo sibishani. Talaka, mirathi na baba asiyetajwa si vya kuchezewa, na oda ya hivyo siipokei. Fumbo liwe la nani alipiga picha, ni nyumba ipi, ni mwaka gani.

Linabaki pingamizi la simu, kwamba picha zote zimo humo na karatasi ya nini. Simu huzipanga picha kwa tarehe na kuandika saa na mahali, maana yake inatoa jibu kabla hujauliza swali. Ni msaada mkubwa kwa anayetafuta picha ya cheti. Kwa albamu ya fumbo, kazi ya kwanza ninayoifanya na picha zinazotoka kwenye simu ni kuzichapa bila tarehe, kuzichanganya mezani, kisha kuanza kuamua ipi isubiri.