Mjomba na Ile Kumi na Nane

Kwenye familia yetu mimi ndiye "haki za binadamu". Sijui nani alianza kuniita hivyo, ila nikiingia msibani au harusini lazima mmoja aseme, "Jamani punguzeni sauti, haki za binadamu kafika." Neno mliberali halipo Muheza. Mhafidhina nalo halipo. Mjomba wangu, ambaye kwa kipimo chochote kile ni mhafidhina, angekushangaa ukimwita hivyo. Yeye anajiita mtu mzima.

Tumebishana tangu nikiwa chuo. Tulibishana kuhusu adhabu ya viboko, kuhusu katiba mpya, kuhusu wanawake kuvaa suruali. Yalikuwa mabishano ya kunogesha kahawa, na kila mmoja alirudi nyumbani na msimamo wake. Mwaka huu hayana utani tena. Mjukuu wake, ambaye mimi ananiita mama mdogo, aliacha shule Machi 2022 akiwa kidato cha pili na mimba ya miezi sita. Alikuwa na miaka 16. Sasa ana 17, mtoto ameshaanza kutembea, na barua ya posa kutoka kwa kina yule kijana imeshafika. Kijana ni wa bodaboda. Wakati huohuo waraka wa elimu wa 2021 unampa binti miaka miwili ya kurudi shuleni tangu alipoacha, maana yake mlango unafungwa Machi ijayo. Posa au kidato cha pili. Familia itakaa, na neno la mjomba ndilo litakalosikilizwa.

Nimwelezee kidogo, maana ukimsikia juu juu utamdhania vingine. Alifundisha miaka 34, akastaafu akiwa mkuu wa shule. Anasoma gazeti mpaka matangazo ya zabuni. Hajawahi kumpiga mke, hajawahi kumnyima binti ada. Mama yake binti huyu, binamu yangu, alisomeshwa na mjomba mpaka cheti cha uuguzi wakati majirani walikuwa wanamcheka kwamba anamwagilia mti wa jirani. Kwa hiyo hoja zake si za mtu asiyependa wasichana wasome. Ndiyo maana zinahitaji majibu, siyo kelele.

Hoja yake kubwa ni sitara. "Ndoa ni sitara, mwanangu," ananiambia. Anachosema ni kwamba binti amekwisha kuzaa, mtoto ana baba, baba amejitokeza na hakukimbia kama wengine, na sheria inaruhusu. Sasa mimi nakataa nini?

Nakataa hapo kwenye "sheria inaruhusu". Ni kweli inaruhusu, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanaume aoe akitimiza miaka 18, msichana aolewe akitimiza 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama inaweza kuruhusu hata kwenye 14. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inampa miaka 30 jela anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba. Na Kanuni ya Adhabu inasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia, isipokuwa kama ni mke wake, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana.

Nilimsomea mjomba sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Isipokuwa kama ni mke wake. Msichana ni yuleyule, umri ni uleule, kitendo ni kilekile. Jumatatu ni kosa la jinai. Jumamosi inapigwa fatiha, watu wanakula pilau, Jumapili si kosa tena. Nikamuuliza: mjomba, hiyo sitara inamsitiri nani hapo?

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akanijibu swali kwa swali, kama walimu wanavyofanya. "Unataka yule kijana afungwe miaka 30?"

Hapo aligusa mahali. Sipendi ile miaka 30. Najua wanaharakati wengi waliishangilia, lakini mimi naona adhabu nzito kiasi hicho imewafundisha wazee kumalizia mambo kwenye jamvi. Nani atapeleka polisi kijana wa nyumba ya tatu, ambaye mama yake mlisaidiana msiba, mkijua hatarudi mpaka awe mzee? Kwetu kesi haikufunguliwa. Wazee walikaa, wakaandikiana karatasi ya matunzo, basi. Kwa hiyo sheria kali imekaa pale juu inatisha, na chini yake hakuna kitu. Nilimwambia mjomba kwamba sitaki kijana aozee jela. Lakini kutomfunga ni jambo moja, na kumkabidhi binti kama malipo ya kutomfunga ni jambo jingine kabisa. Akasema, "Hilo nimelisikia." Kwa mjomba hayo ni maneno mengi.

Hoja ya bibi siipi nafasi kubwa. Kila familia inayo: bibi aliolewa na miaka 14, akazaa tisa, akafika miaka tisini. Yetu pia. Ila bibi alizaa tisa akazika wanne, na wanaosimulia wanaanza kuhesabu kwenye wale watano. Mjomba ni mmoja wa watano, anajua.

Halafu kuna mambo ya Wazungu. Hii hoja nchini kwetu ina nguvu kuliko tunavyokubali sisi tunaojiita wapenda maendeleo, na mjomba anaijua vizuri maana alifuatilia. Juni 2017 Rais Magufuli alisimama Chalinze akasema katika utawala wake hakuna aliyepata mimba atakayerudi shuleni. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ilisimamisha mkopo wa elimu ya sekondari wa dola milioni 300, na mwaka 2020 ikaidhinisha wa dola milioni 500 baada ya mabishano marefu. Novemba 2021, Magufuli akiwa ameshafariki, Waziri Ndalichako akatangaza kwamba wanarudi. "Sasa niambie," anasema mjomba, "hapo Mtanzania aliulizwa wapi?"

Sitadanganya kwamba swali hilo ni la kijinga. Fedha ya nje ikishika kalamu, hata jambo jema linaandikwa kwa mwandiko wa mgeni, na linabaki kushukiwa. Lakini mjomba anasahau majirani. Kenya walikuwa na mwongozo wa kuwarudisha wasichana shuleni tangu 1994. Na Zanzibar, hapo ng'ambo ya maji, waliruhusu tangu 2010. Mjomba ana heshima kubwa kwa masheikh wa Unguja, kuna mmoja ambaye akitajwa anavua miwani. Nikamwambia, Visiwani wanaswali kuliko sisi, wana mila kuliko sisi, na binti akijifungua anarudi darasani. Kama ni Uzungu, basi uliingia kwa masheikh kabla ya kufika Muheza.

Alicheka mpaka akakohoa. Shangazi akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Na kuhusu kuulizwa, Mtanzania aliulizwa mahakamani. Rebeca Gyumi alifungua kesi kupinga vile vifungu vya ndoa. Mahakama Kuu ikamkubalia Julai 2016 na kuipa serikali mwaka mmoja wa kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, majaji Watanzania wakitafsiri Katiba ya Tanzania, ikaitupa rufaa hiyo. Miaka minne imepita na vifungu viko palepale. Mjomba, mtu wa utii wa mamlaka maisha yake yote, hapo hana jibu zuri. Anasema bunge lina mambo mengi. Namwangalia tu.

Sasa hoja ambayo kwake ni ya moyoni ni mfano mbaya. Darasa lina wasichana 40, mmoja kapata mimba, ukimrudisha na mtoto wake nyumbani, unawaambia nini wale 39 waliojitunza? Shule si mahali pa kumeza masomo tu, ni malezi. Ukiondoa aibu, umebaki na nini cha kuwazuia?

Niliichukua kwa uzito kwa sababu najua ilikotoka. Wakati wake, mkuu wa shule ndiye aliyebeba mzigo. Kanuni za 2002 zilimpa mwanya wa kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, au kwa kuingia kwenye ndoa, na mimba ikahesabiwa humohumo kwenye maadili. Wasichana walipangwa mstari, matroni anawapapasa matumbo. Jioni moja, tukiwa tumebaki wawili barazani, mjomba aliniambia kwamba katika miaka yake ya ukuu alifukuza wasichana 11. Aliwataja. Si majina ya kwanza tu, yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye rejista, na kidato, na kijiji. Mmoja alikuwa wa kwanza kwa hesabu mkoa mzima wakati wa mitihani ya majaribio. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeripoti mahudhurio, "Wavulana sikufukuza hata mmoja. Sikuwahi kujua ni nani."

Sikumjibu kitu usiku ule. Kuna majibu ukiyatoa yanakuwa ukatili.

Kesho yake asubuhi ndipo nilipomwambia ninavyoona. Aibu haikuwazuia wale 39. Iliwafundisha kuficha. Binti yetu huyu alijifunga khanga tumboni mpaka mwezi wa sita. Hakwenda kliniki hata mara moja, hakumwambia mama yake ambaye ni muuguzi. Muuguzi! Adhabu ilikuwepo, aliijua, na kitu pekee ilichofanya ni kumchelewesha kupimwa damu. Adhabu ya namna hii inafika baada ya jambo, haifiki kabla. Kabla ya jambo kulikuwa na kilomita tano za kwenda shule kwa miguu na pikipiki inayosimama na kusema, panda nikusogeze.

Nikamletea na takwimu, kwa sababu ukibishana na mwalimu lete namba. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulionyesha asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Ule wa 2015/16 ukaonyesha asilimia 27. Miaka yote hiyo kufukuza kulikuwepo, na namba ikapanda. Mjomba akavaa miwani. "Na uliofuata?" Uliofuata ni wa 2022, asilimia 22. "Ahaa," akasema, "yaani imeshuka baada ya Magufuli kukaza." Ndivyo unavyoweza kuisoma. Unaweza pia kusema kwamba miaka hiyohiyo ada ya sekondari ilifutwa na wasichana wengi zaidi wakabaki darasani, na msichana aliyeko darasani ana sababu ya kusubiri. Namba peke yake haiwezi kutuamulia. Lakini ilikuwa na maana kwangu kwamba mjomba aliuliza uliofuata.

Wakati sisi tunatupiana takwimu, mwenye jambo alikuwa anafua nguo za mtoto hatua kumi kutoka tulipokaa. Hakuna aliyemuuliza mbele yangu, kwa hiyo nikaenda kukaa naye kwenye beseni. Hakuzungumzia haki. Aliuliza kama atakaa darasa moja na mdogo wake, ambaye Januari anaingia kidato cha pili. Aliuliza kama kuna shule ambayo hawamjui. Kuhusu posa alisema, "Mama mdogo, yeye si mbaya," akakamua nguo, "ila mimi nilikuwa nimeanza kuielewa fizikia."

Nilimpelekea mjomba sentensi hiyo kama ilivyo, bila kuongeza neno. Akauliza, nani alikuwa anamfundisha fizikia. Nikamtajia. Akasema ni mwanafunzi wake wa zamani.

Halafu akaniuliza swali ambalo naliona zito kuliko hoja zake zote, na halimo kwenye vitabu vya upande wangu wala wake. Mtoto atabaki na nani? Waraka umefungua mlango wa shule, sawa, ila haukujenga chumba cha kunyonyeshea wala kumlipa wa kubaki nyumbani. Mama mtu yuko zamu za hospitali. Shangazi ana magoti. Mimi niko Dar, nakuja na hoja kwenye basi la asubuhi na kuondoka nazo jioni. Kwa kweli hapa ndipo wahafidhina wanatushika, maana wao wakisema familia wana watu mahususi kichwani, nyanya fulani na shangazi fulani, na sisi tukisema haki mara nyingi hatusemi nani ataamka saa kumi alfajiri kupika uji.

Tulipiga hesabu kwenye bahasha ya ile barua ya posa. Msichana wa kazi hapa mjini, chakula chake, nauli ya binti, sare mbili, maziwa. Nikaandika kiasi ninachoweza kutuma kila mwezi, mjomba akakiangalia, akachukua kalamu akaongeza cha kwake kutoka kwenye pensheni. Hakusema amekubali. Alisema posa haijibiwi haraka, hata wenye haraka yao watasubiri mpaka Januari. Alisema pia kwamba umri wa miaka 18 bado ni kitu cha kuletwa.

Nilipojitolea kwenda kumwona mkuu wa shule alikataa. "Wewe utaenda kuwapigia kelele. Niachie waraka."

Nikamwachia. Amesema ataenda mwenyewe Jumatatu, na atavaa koti.