Mwaka Vifaru Vilipopita Shinyanga

Reli ya Tabora kwenda Mwanza inapita Shinyanga mjini, na mwishoni mwa 1978 ndiyo iliyotuletea vita mlangoni. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Lakini Kyaka iko ng'ambo ya ziwa. Kwetu sisi watoto wa kota za reli, vita vilianza pale treni ya abiria ilipozuiwa stesheni saa nzima kupisha treni ya jeshi.

Treni hizo hazikuwa na ratiba. Zilikuja usiku, zilikuja saa nane mchana jua likiwa kali, mabehewa yamejaa askari waliokaa madirishani, na nyuma yao mabehewa ya wazi yenye mizigo iliyofunikwa maturubai. Mama zetu walipeleka maji kwa ndoo. Sisi tulijipenyeza pembeni kuchungulia. Siku moja upepo uliinua turubai kidogo tu, nikaona cheni. Sehemu ya kukanyagia ilikuwa inang'aa kwa kusuguliwa, maungio yameganda udongo mwekundu, na pini iliyounganisha pingili mbili ilikuwa nene kuliko kidole gumba changu. Udongo ule haukuwa wa kwetu. Wa kwetu ni mweusi, wa mbuga za pamba, ule unaong'ang'ania miguu mvua ikinyesha. Nilisimama nikijiuliza kifaru hicho kilitoka wapi, kina uzito gani, na behewa linakibeba vipi bila kupinda. Askari mmoja akanifukuza kwa upole.

Mji ulibadilika haraka. Serikali ilichukua malori na mabasi ya watu kwa ajili ya jeshi, na malori tuliyozoea kuyaona yamepakia pamba sasa yalipita yamepakia vijana wa mgambo. Hata michezo yetu iligeuka. Watoto wa Usukumani hufinyanga ng'ombe kwa udongo, wenye nundu na pembe ndefu, na kila mtoto ana zizi lake. Msimu ule mazizi yakawa kambi. Tulifinyanga vifaru, mzinga tukaufanya kwa bua la mtama.

Mdogo wake mama alikuwa JWTZ, upande wa vifaru. Alirudi kwa likizo katikati ya 1979, Kampala ikiwa imekwisha kutekwa tangu tarehe 11 Aprili. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyoikumbuka. Asubuhi alinikuta nje nikianika jeshi langu juani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Kifaru."

"Kifaru gani?"

Sikuwa na jibu. Alichuchumaa, akakishika kwa ncha za vidole kwa sababu bado kilikuwa kibichi, akakitazama ubavuni. Nilikuwa nimeweka magurudumu matano, yote yamepangwa kwa nafasi sawa. Akalisogeza la kwanza mbele kidogo kwa kucha.

"Hapa huwa pana nafasi, kati ya la kwanza na la pili. Ukiiona nafasi hiyo, ujue ni hamsini na tisa ya Mchina, iliyoigwa kwa T-54 ya Mrusi. Na juu ya magurudumu usiweke vigurudumu vingine. Cheni inalala yenyewe juu yake."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la uhandisi, na mpaka leo nikiona picha ya kifaru naanza na magurudumu. Mjomba alinieleza kwamba kifaru cha aina hiyo, Type 59, kina tani 36 na mzinga wa milimita 100, na hubeba watu wanne: dereva, mpigaji, mpakiaji na kamanda. Kilikuwapo kidogo chake, Type 62, cha tani 21 na mzinga wa milimita 85. Nilimuuliza kwa nini jeshi liwe na kidogo kama kikubwa kipo. Akaniuliza lori lenye shehena likiingia mbugani masika hufanyaje. Nikaelewa. Uganda ya kusini ina vinamasi vingi, na tani 15 za tofauti zinaweza kuamua nani anafika ng'ambo na nani anazama.

Habari za mapigano ya Lukaya, huko Uganda, alizitoa kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201 ilikuwa pale, kwenye barabara inayokatiza kinamasi, ikiwa na vifaru vitatu. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikuwa na T-55 kumi na tano, magari ya deraya na mitambo ya roketi. Roketi zao zilipita juu ya vichwa vya askari wetu na kuangukia nyuma, lakini mgambo wengi hawakuwahi kusikia kitu kama hicho, wakavunja safu. Usiku ule brigedi ya 208 ilizunguka, na kesho yake adui akapigwa kutoka pande mbili. Zaidi ya watu mia nne walikufa. Mjomba alikuwa na rafiki mgambo, kijana wa Kahama, ambaye hakurudi. Alilitaja jina lake mara moja, kisha akaenda kunawa mikono ingawa hatukuwa tumekula.

Nilitaka kujua kwa nini roketi zilipita juu. Naona aibu kidogo ya utoto katika swali hilo, lakini mjomba hakunikemea. Alichora mavumbini. Mitambo hiyo, BM-21, ambayo askari wa Amin waliiita Saba Saba ilipokuwa mikononi mwetu, ni lori lenye mirija 40, kila mmoja wa milimita 122. Roketi zote 40 hutoka kwa sekunde kama 20 na hufika umbali wa kilomita 20. Mzinga wa kawaida hurudisha teke zito, ndiyo maana lazima uchimbiwe ardhini. Roketi hujisukuma kwa moshi wake unaotokea nyuma, mrija hauna teke kubwa, hivyo lori linatosha. Gharama yake ni shabaha. Huilengi nyumba, unalenga eneo, na mwinuko wa mirija ukikosewa kidogo tu, zote 40 zinakwenda kusikokusudiwa.

Watu wamenilaumu miaka mingi kwa kupenda mambo haya, kana kwamba anayetaka kujua bomu linaangukaje anataka lianguke. Mjomba alijua silaha zile kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na ndiye aliyekuwa na hamu ndogo kuliko wote ya kuziona tena. Aliniruhusu niulize kwa sababu aliona ni heri mtoto ajue chombo kinavyofanya kazi kuliko abaki na hofu tupu, na mimi nasimama hapo hapo.

Hofu ilikuwa ya kweli. Tarehe 29 Machi ndege ya Libya, Tu-22, ilikuja kuyapiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa. Habari ilitufikia kwa wafanyakazi wa treni. Fundi redio wa karibu na soko, ambaye duka lake lilikuwa darasa langu la jioni, alituonyesha kwa hesabu. Bomu haliporomoki wima, linaendelea mbele kwa mwendo wa ndege iliyoliachia. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa, kuchelewa kubonyeza kwa sekunde moja ni mita 250. Kutoka mjini Mwanza hadi majini mita hizo si nyingi.

Kwa fundi huyo ndiko nilikoanza kutazama juu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, haikuipata mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo roketi ya anga tuliijua kwa picha za majarida na sauti za Moscow, Peking na London zilizosoma habari kwa Kiswahili. Julai 1979 habari ilikuwa Skylab, maabara ya Wamarekani ya tani zaidi ya 70, iliyokuwa inaanguka bila mtu kuweza kuielekeza. Njia yake ilipita kati ya nyuzi 50 kaskazini na nyuzi 50 kusini mwa ikweta. Shinyanga iko nyuzi karibu nne kusini, na majirani waliomba. Fundi alichukua mpira, akauzungushia uzi, akatuonyesha ni bahari ngapi uzi huo unazipitia kabla ya kugusa nchi kavu. Tarehe 11 Julai vipande vikaangukia Bahari ya Hindi na magharibi ya Australia.

Yeye ndiye aliyenisimulia Uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina hilo kwa heshima ya siku na nchi. Walichagua mahali karibu na ikweta kwa sababu hapo dunia inazunguka kwa kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa, na roketi inaanza safari ikiwa tayari na mwendo huo. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na iliorodhesha vyanzo zaidi ya mia tatu. Kimoja, Cygnus X-1, kikawa kitu cha kwanza wanasayansi kukubali kwa uzito kwamba huenda ni shimo jeusi. Roketi iliyoibeba, Scout, ilikuwa ya hatua nne, zote za fueli ngumu, kanuni ileile ya Saba Saba. Baadaye sana nilisoma kwamba Uhuru yenyewe iliungua ikirudi hewani Aprili 1979, mwezi uleule JWTZ ilipoingia Entebbe na Kampala. Sisi tulikuwa tumebandika masikio kwenye taarifa za vita, na juu yetu ikamalizika safari iliyoanzia pwani yetu.

Fundi alijua pia kwamba mwaka 1930 jiwe la angani lilianguka Malampaka, stesheni tunayoipita tukienda Mwanza. Kila nilipopita hapo nilitoa kichwa dirishani.

Miaka ya 2000 nilikuwa Geita, fundi wa mitambo mizito. Siku ya kwanza kufungua cheni ya tingatinga nilikutana na pini zilezile, safari hii mkononi, na nilijua mahali pa kulegeza kabla sijaelekezwa. Jioni nilipenda kwenda Nyarugusu kwa wachimbaji wadogo, kwenye makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, ambako watu hushuka duarani, yaani shimoni, wakiegemea matimba ya mbao na kurudi na mawe mgongoni. Huko baruti ni chombo cha kazi, na nilipata watu wa kuzungumza nao kuhusu mlipuko bila kutazamwa vibaya.

Na hatukuzungumza baruti tu. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya Marekani na Italia ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka-nuru milioni 130. Darubini zilipoelekezwa huko zikaona alama za metali nzito zikizaliwa, za jamii ya dhahabu. Niliwaeleza jamaa wa karasha. Kijana mmoja alinyamaza, kisha akauliza kama ya Geita nayo ilitokana na mgongano huo. Nikamwambia hapana. Yetu ilikwisha kutengenezwa kabla jua na dunia havijakuwapo, zaidi ya miaka bilioni 4.6 iliyopita, na mwamba anaouvunja una bilioni 2.7 hivi. Akashika jiwe akalipima kwa mkono. Alitaka kujua dhahabu ilikuwa imekaa wapi muda wote kabla mwamba haujaganda, na maji ya moto yaliipandishaje kwenye nyufa. Kesho yake alinisubiri njiani na maswali mengine, la kwanza likiwa kwa nini utambi unaweza kuwaka ndani ya shimo lililozibwa udongo, mahali pasipoingia hewa.