King'amuzi na Kijiti

Kila chombo kipya kinachoingia nyumbani huja na faida katika mkono wa kulia na gharama katika mkono wa kushoto. Faida huonyeshwa na muuzaji dukani. Gharama humngoja mnunuzi nyumbani. Mtu mwenye busara huitazama mikono yote miwili kabla ya kufungua mkoba wake. Katika insha hii nataka kupima chombo kimoja kilichoingia katika nyumba nyingi za nchi yetu, nacho ni kijiti cha televisheni: kifaa kidogo kinachochomekwa nyuma ya televisheni na kuleta picha kutoka katika intaneti, badala ya kuzipokea kwa ungo ulio juu ya paa.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi watu walikuwa na stesheni moja tu, mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990. Nilipokuwa mtoto, televisheni ya kijiji chetu ilikuwa mali ya jirani mmoja, nayo ilipata nguvu kutoka katika betri ya gari. Tuliketi mkekani, wakubwa kwa wadogo, na mmoja wetu alitoka nje kuzungusha mlingoti wa antena huku sisi tukimpigia kelele, "Hapo hapo! Usiguse tena!" Tulitazama Vitimbi na Vioja Mahakamani, wala hakuna aliyeuliza kama kuna kingine cha kutazama. Uchache una taabu yake. Walakini ulituunganisha, maana kesho yake darasa zima lilicheka mzaha mmoja.

Baadaye ukaja ungo wa setilaiti pamoja na king'amuzi cha kulipia. Setilaiti huwatangazia watu wote kwa wakati mmoja, kama mvua inyeshavyo juu ya kila paa. King'amuzi ndicho kinachomfungulia aliyelipa na kumfungia asiyelipa. Biashara hii huuza stesheni kwa vifurushi. Mwenye kutaka kandanda hulazimika kununua pamoja nayo mambo mengi asiyoyataka, kama mtu aliyekwenda sokoni kununua kitunguu akaambiwa kwamba kitunguu hakiuzwi peke yake, sharti achukue gunia zima la mboga. Nyumbani kwangu tu watu watano: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, na mama yangu mzazi. Siku moja tulihesabu stesheni zote tulizolipia, kisha tukahesabu zile tulizozitazama. Za pili zilikuwa sita. Mshahara wa mwalimu hauvumilii hesabu ya namna hiyo. Tukaamua kuuacha ungo na kununua kijiti.

Kijiti hufanya kazi kwa njia nyingine. Hakingoji mvua, bali huenda kuteka maji. Unapochagua filamu, kijiti hupeleka ombi lako kwenye kompyuta za kampuni inayoitunza, nayo filamu huletwa katika vipande vya sekunde chache chache, kimoja baada ya kingine. Intaneti ikienda polepole, kijiti huomba vipande vyepesi zaidi. Ndiyo sababu picha hufifia kabla ya kusimama. Ufundi huu si wa siku nyingi. Kifaa cha kwanza cha Roku kiliuzwa Marekani mwaka 2008. Chromecast ya dola 35 ikafuata mwaka 2013. Na Netflix ilifunguliwa kwa watazamaji wa Kenya mwezi wa Januari, 2016. Kwetu mambo haya yalitayarishwa na nyaya za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009 kwa njia ya chini ya bahari. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole.

Sasa na tufanye hesabu, kwa sababu bei ya kijiti dukani ni sehemu ndogo tu ya bei yake. Saa moja ya picha ya kawaida hula karibu gigabaiti 1. Saa moja ya picha safi yaweza kula gigabaiti 3. Nyumba inayotazama picha safi kwa saa mbili kila siku itatumia gigabaiti 6 kwa siku, na gigabaiti 180 kwa siku 30. Mtu anayenunua bando za simu ataona kwamba amemkimbia mtoza ada mmoja na kumwangukia mwingine aliye mkali zaidi. Bali mwenye faiba nyumbani, anayelipa ada moja kwa mwezi bila kupimiwa, mzigo huo haumwelemei, mradi kasi yake isipungue megabiti 5 kwa sekunde. Sisi tulikuwa na faiba tayari kwa ajili ya kazi ya mke wangu na masomo ya watoto, na kwa hiyo gharama zetu zilipungua. Jirani yangu hana faiba. Aliponiomba ushauri, nilimwambia abaki na antena yake. Dawa ya mmoja si dawa ya wote.

Hesabu ya fedha, hata hivyo, ni nyepesi kuliko hesabu ya wakati. Kwa kijiti, kila mtu ni mkuu wa stesheni. Katika wiki ya kwanza mwanangu wa kiume alitaka katuni, dada yake alitaka nyimbo, mama yao alitaka filamu, na rimoti ilikuwa moja. Tena hadithi za mfululizo hazikuwa na kikomo: sehemu moja ilipokwisha, nyingine ilianza yenyewe baada ya sekunde chache, kabla mtazamaji hajaamua kama anaitaka. Usiku mmoja nilimwambia mwanangu azime akalale. Alinijibu kwa adabu, "Baba, haijaisha." Mama yangu aliyekuwa akisikiliza akasema, "Mjukuu wangu, zamani televisheni ndiyo iliyotuaga sisi. Ilipiga wimbo wa taifa, ikanyamaza, tukalala. Hii yenu haijui kuaga."

Maneno hayo yalikaa moyoni mwangu. Mtu aliyepanga ratiba ya stesheni alikuwa akitufanyia kazi bila sisi kumwona: aliamua kipi kianze, kipi kiishe, na watu walale saa ngapi. Tulipomwondoa, kazi yake haikutoweka, ilituangukia sisi. Basi tukakaa pamoja kama baraza. Tulizima katika mipangilio ile hali ya sehemu kuanza zenyewe, tukabandika karatasi ukutani. Kila Jumapili jioni kila mmoja huandika kitu kimoja anachotaka kukitazama katika wiki, na Ijumaa ni usiku wa filamu moja ya wote. Mwanzoni watoto walinung'unika. Siku hizi hubishana kwa hoja kabla ya kuandika, na mabishano hayo yenyewe ni darasa.

Mama yangu hakuandika kitu katika karatasi hiyo. Yeye hutaka jambo moja tu: taarifa ya habari kwa Kiswahili saa moja jioni. Kwa kijiti habari hiyo hupatikana, lakini ni kwa kupita kurasa kadhaa na kuandika herufi moja moja kwa rimoti, na macho yake hayaiwezi kazi hiyo. Kwa ajili yake tulisimamisha antena ya kawaida juu ya paa. Tangu Kenya ilipohama kutoka analojia kwenda dijitali mwaka 2015, antena pamoja na king'amuzi kisicho na ada ya mwezi, au televisheni yenye kipokezi hicho ndani yake, huleta stesheni za nyumbani bure. Ifikapo saa moja, sote huketi naye, na mtoto anayesema wakati wa habari hunyamazishwa na bibi yake.

Yafaa vijana wajue pia kwamba kijiti ni mali ya mnunuzi nusu tu. Nusu ya pili i mikononi mwa watu wa mbali. Filamu iliyopo mwezi huu yaweza kuondolewa mwezi ujao mkataba wake ukiisha. Mwezi wa Machi, 2025, vifaa vya Chromecast vya toleo la pili viligoma kwa siku kadhaa, si kwa kuvunjika, bali kwa sababu cheti cha usalama walichovitegemezea watengenezaji kilikuwa kimepitwa na muda wake, mpaka Google ilipotuma marekebisho. Kadhalika wapo wauzaji wanaonong'ona kwamba wana kisanduku kinachofungua kandanda yote ya dunia bila malipo. Hiyo si hekima ya matumizi. Ni wizi wa jasho la wengine, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaukataza.

Basi mwanafunzi atakayekuwa na nyumba yake kesho, na ajiulize maswali matatu kabla ya kununua: intaneti yangu inapimwa au haipimwi? Ni nani nyumbani asiyeweza kukitumia chombo hiki, naye ataachiwa nini? Na ni nani atakayesema, "Sasa yatosha"? Maswali mawili ya kwanza yaweza kujibiwa dukani. La tatu litajibiwa sebuleni, kila usiku, na mwenye nyumba mwenyewe.